Tupeane uzoefu: waliojifunza ufundi wakitoka soba (nyumba ya kuachia dawa za kulevya) au wakiwa kwenye dozi (methadoni, dawa ya kuachia heroini), nini kiliwashikilia?

Wakuu, mdogo wangu katoka soba, anataka kujifunza kuchomelea. Mzee anasema apewe kazi tu, mengine yatajipa. Mimi nina wasiwasi. Mliopitia au mliouguza ndugu, shusheni. Wa kutukana mateja mpite kushoto.

—Mimi ni wa methadoni, Temeke. Muhimbili walianza 2011, sisi huku tukafuata baadaye. Nilipoanza, dozi ilikuwa kila siku, unakunywa mbele ya nesi na unaongea kidogo ahakikishe umemeza. Sasa fundi seremala wa Keko anafungua saa moja, wewe uko foleni dirishani! Ofisa ustawi wa jamii alimfuata karakana, akakaa naye kwenye benchi la randa, wakakubaliana niingie saa tatu nifidie jioni. Randa na msumeno nilivijua tangu zamani. Nilichokuwa nimekosa ni mtu wa kunisemea.

—Kaka yangu alisomea ushonaji, akapewa cherehani. Ikauzwa. Mtaa mzima: "Teja ni teja tu." Lakini alirudi kulala geto lilelile, kijiwe kipo mlangoni, mlitegemea nini? Safari ya pili alihamia kwa shangazi Mbagala. Ujira wa wiki anapokea shangazi, yeye anabaki na nauli na ya kula. Wengine wanaona ni kumdhalilisha mtu mzima. Mwenyewe ndiye aliyeomba, maana jioni ya malipo ndiyo ilikuwa mtihani wake.

—Msisahau mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani. Nne ni ya vijana, ila lazima muwe kikundi. Na nani anakubali kuingia kikundi na teja?

—Mnaongea kama wanaume peke yao ndio walitumia. Mimi nilipata nafasi saluni Kinondoni nikaiacha. Si arosto (maumivu ya kukosa dawa za kulevya), mtoto hakuwa na pa kushinda. Hilo hakuna aliyeniuliza wakati wa kuandikishwa.

Asanteni. Mzee nitamsomea ya cherehani. Swali: fundi aambiwe au tunyamaze?

—Aambiwe, ila na mdogo wako mwenyewe, siku akiwa tayari. Mimi alinisemea mama yangu, tena kwa nia njema. Hadi chai ya saa nne karakana nzima wanajua, na spana ikipotea naulizwa mimi.