Nataka kuinyanyua Vigo inchi 3 nivae tairi za inchi 33, wazoefu nipeni muongozo

mkulima_jmosi

Wakuu habari za majukumu. Nina Hilux Vigo dabo kebini 4x4, injini ya dizeli ya 2KD, inatembea na tairi za 255/70R15 kwenye rimu za chuma. Nakaa Mbagala, shamba liko Mkuranga ndani ndani huko, ukiacha lami ya Kilwa Road unaingia kama kilomita 14 ambazo kiangazi ni vumbi tu ila masika ni kilio. Malori ya mkaa na mihogo yameshachimba mifereji 2 halafu katikati limebaki tuta, sasa gari ndogo ukiingiza matairi kwenye ile mifereji tumbo linakaa juu ya tuta na safari imeishia hapo.

Mwezi wa 4 nilikwama kuanzia saa 10 jioni mpaka saa 3 usiku, nipo na wife na mtoto wa miaka 3. Niliweka 4x4, nikaweka low (ile gia nzito ya 4x4), tairi zinazunguka tu. Nikaingia chini na tochi nikakuta lile bakuli la difu ya nyuma limezama kwenye udongo, limetengeneza shimo la saizi yake kabisa, yaani ndilo lililobeba gari. Mtoto alilia mpaka akalala. Tulivutwa na trekta la jirani wa shamba, Mungu ambariki yule mzee hakutaka hata hela ya dizeli.

Sasa nimeapa masika ijayo hainikuti hivi. Kuna fundi kaniambia aweke bloku za inchi 3 nyuma (vipande vya chuma kati ya ekseli na springi), spesa mbele, halafu nivae 33x12.5R15 na siku hiyo hiyo naondoka na gari. Maswali yangu: difu itapanda kweli? Breki haziathiriki? Mafuta je? Na hizo 33 zinaingia bila kukata kitu? Gari ndio inayolisha familia hii, siwezi kukosea. Natanguliza shukrani.

fundi_springi_ilala

Mkuu pole sana na pole kwa mama na mtoto. Nitakujibu kwa urefu kwa sababu hili kosa naliona kila mwaka masika ikikaribia, mtu anatoa hela nyingi gari inapanda inapendeza afu anarudi kwenye tope lile lile anakwama vile vile anabaki anashangaa.

Angalia gari yako kwa nyuma. Difu imo ndani ya ekseli, ekseli imefungwa kwenye matairi, halafu springi ziko JUU ya ekseli na bodi iko juu ya springi. Kwahiyo ukiweka bloku au ukiongeza pleti ya springi, unachonyanyua ni chesisi, bodi, tenki na bampa. Difu inabaki pale pale ilipokuwa, hata milimita 1 haipandi. Kinachonyanyua difu ni tairi peke yake, na inapanda nusu tu ya kile kilichoongezeka kwenye kimo cha tairi.

Hesabu yake ni hii. 255/70R15 ina kimo cha kama mm 738. Tairi ya 31x10.5R15 ni kama mm 787, tofauti mm 49, difu inapanda kama mm 25. Ya 33 ni kama mm 838, difu inapanda mm 50. Ukisikia mm 25 utaona ni kitu kidogo ila nenda kasimame pale kwenye tuta lako na rula uone sentimita 2 na nusu zinabadilisha nini.

Sasa kwanini nisikuambie uende 33 moja kwa moja. Kwanza 33x12.5 inataka rimu yenye upana wa kuanzia inchi 8 na nusu, za chuma ulizonazo nyingi ni inchi 7 (imegongwa kwenye rimu, isome), kwahiyo rimu zote 5 unatupa. Ila 31x10.5 inakubali rimu ya 7 mpaka 9. Pili gari itakuwa imefungwa gia ndefu bila wewe kubadilisha gia yoyote, tairi ni kubwa kwa asilimia 13 na kitu, 2KD yako itapanda mlima na magunia kwa shida, klachi italiwa, mafuta yatapanda. Tatu spidomita itakudanganya, ikisoma 50 wewe uko 57, na unajua Kilwa Road trafiki wanavyosimama na tochi za kupima mwendo kwenye maeneo ya 50. Ukiwa na 31 inasoma 50 uko 53 hivi, hiyo unaizoea.

Mbele nako usikubali inchi 3. Vigo mbele ni shokapu yenye koili na mikono 2, na ile spesa inayokaa juu ya shokapu, ukiweka ya mm 25 gari inapanda karibu mara 2 yake kwa sababu shokapu haikushikwa mwisho wa mkono. Ukivuka inchi 2 sivi joint (viungo vinavyozungusha tairi za mbele) zinakaa zimepinda muda wote, buti zake za raba zinachanika, grisi inatoka mchanga unaingia na wa Mkuranga ni mchanga kweli kweli. Boljointi za juu nazo zinafika mwisho, na alaimenti haikai sawa, unakuta gari inatangatanga barabarani stelingi hairudi yenyewe.

Mimi ningefanya hivi: 31x10.5R15 za A/T (za lami na njia mbovu), nyuma pleti 1 ya kuongeza, mbele koili za kunyanyua mm 40 mpaka 50 basi. Na kabla ya yote ingia chini upime uniletee majibu: kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa madigadi, kila tairi, gari ikiwa tupu.

Kuhusu breki nitarudi, nina mteja hapa.

boda_ya_jangwani

Mbona mimi natembea na 33 mwaka wa 3 huu kwenye Vigo na naipenda sana. Ila niseme ukweli niliyoyapitia kabla hazijatulia. Nilinunua rimu mpya, nikakata plastiki za ndani ya madigadi, nikikata kona mpaka mwisho tairi bado ilikuwa inalamba pale nyuma ya gurudumu la mbele penye mauntini ya bodi (pale bodi inapofungwa kwenye chesisi), ikabidi pakatwe na kuchomelewa upya, hiyo kazi usimpe mtu wa kubahatisha kwa sababu pale bodi imekaa. Baadae nikabadilisha gia za difu mbele na nyuma ndio gari ikarudi kuwa na nguvu. Ni gari ya kwenda kambi na kucheza mchanga Kigamboni, haibebi mzigo. Ya kwako ina mtoto na magunia, mi naungana na fundi.

Na usisahau kumwambia mtu wako wa bima kama una bima kubwa. Mabadiliko ya hivi wanataka kuyajua kabla, sio siku ya ajali.

mama_mboga_kivule

Mwanangu mkulima, mimi biashara yangu ni mboga na matunda, napakia kila siku alfajiri, nikuongezee kitu ambacho mafundi hawakifikirii. Mdogo wangu aliinyanyua pikapu yetu inchi 3 jumlisha na tairi kubwa. Ile sehemu ya mzigo ikapanda mpaka kifuani kwangu. Vijana wanaopakia kreti za nyanya wakaanza kuzitupa badala ya kuziweka maana mikono haifiki, nyanya zinafika sokoni zimepondeka chini. Na mama yetu mzazi ana magoti mabovu, ikabidi tutembee na stuli ndani ya gari ili apande. Tuliishusha baada ya miezi 2.

Kingine taa. Ukinyanyua mbele kisha ukaweka mzigo nyuma, pua inaangalia juu na taa zinawapiga wenzio machoni. Mwambie fundi azishushe taa akiwa ameshaweka mzigo wa kawaida, sio gari tupu. Na kona uipunguzie mwendo, gari ikienda juu haikai chini kama zamani.

mkulima_jmosi

Shikamoo mama, na asanteni wote, nimejifunza kitu kikubwa hapo kwenye difu, yule fundi wa mwanzo aliniambia bloku zitapandisha kila kitu.

Leo asubuhi nimeingia chini na futi kamba. Majibu: mbele kulia na kushoto sawa, zimepishana nusu sentimita. Nyuma kushoto iko chini kuliko kulia kwa sentimita 3 kamili! Nimefuta tope kwa kitambaa pleti 1 baada ya 1, pleti ya 3 upande wa kushoto ina ufa umepita pale karibu na yuboti (bolti ya umbo la U inayofunga springi kwenye ekseli), na kutu imeshaingia ndani ya ufa maana yake sio wa jana. Pleti zenyewe zimenyooka, zile za chini zimekaa kama rula, haina tena ule upinde. Kutoka ardhini mpaka kwenye bakuli la difu nimepata sentimita 19. Halafu nimesoma ule muhuri wa tarehe kwenye tairi, tarakimu 4 za mwisho ni 1116, maana yake wiki ya 11 mwaka 2016 kama sijakosea. Meno ya tairi yameliwa na pembeni kuna nyufa ndogo ndogo. Niliinunua gari hivi hivi.

Na presha ilikuwa psi 42 tairi zote. Siku ile ya kukwama nilikuwa nayo hiyo hiyo.

fundi_springi_ilala

Hapo sasa tunaongea. Hujakosea kwenye tarehe, na hizo tairi hata kama usingekuwa na mpango wowote ungezitoa, usimpakie mtoto kwenye tairi ya 2016 yenye nyufa ukapita nayo lami.

Springi: usiongeze pleti juu ya springi iliyokufa. Ukiongeza pleti mpya kwenye pakiti yenye ufa ile mpya inabeba yote, na yenye ufa itakatika siku una mzigo. Badilisha seti ya pande zote 2, za mzigo wako halisi. Je unabeba kilo ngapi kwa kawaida? Kwa sababu springi za mzigo mzito gari ikiwa tupu inaruka kama mbuzi na tairi ya nyuma inakosa kushika, hasa kwenye matuta ya vumbi. Bloku mimi siziweki kwa mtu anayebeba magunia, ekseli inapata nguvu ya kujipinda pale ukikanyaga mafuta, springi inajikunja kama herufi S. Ukiona mtu anataka kuweka bloku MBELE kwenye gari yenye springi za pleti mbele, kimbia.

Sasa breki, na hili ndilo ninaloomba usome mara 2. Ingia tena chini, angalia juu ya ekseli ya nyuma utaona kifimbo chembamba cha chuma kinatoka kwenye ekseli kinaenda kwenye valvu ndogo iliyofungwa kwenye chesisi, na paipu za breki zinapita hapo. Ile valvu inapima mzigo. Gari ikiwa na mzigo chesisi inashuka, kifimbo kinasukumwa, breki za nyuma zinapewa presha zaidi. Gari ikiwa tupu inapunguza ili tairi za nyuma zisijifunge. Sasa wewe ukinyanyua chesisi kwa springi mpya, valvu inaamini gari ni tupu siku zote, hata ukiwa na magunia 10. Breki ya nyuma inakuwa dhaifu na mbele zinabeba peke yake. Dawa yake ni rahisi, kifimbo kinarekebishwa au kinawekewa kibanio cha kukirudisha kwenye kimo chake, ila lazima mtu akumbuke. Wengi hawakumbuki. Nimepokea gari 2 zilizonyanyuliwa mahali pengine ambazo kile kifimbo kilikuwa kinaning'inia tu kimefunguliwa kabisa.

Na mipira ya breki: gari ikiwa juu ya jeki tairi zote zinaning'inia, mpira wa kila tairi lazima bado uwe na mlegeo, stelingi imekatwa kulia mwisho kisha kushoto mwisho. Ukiwa umenyooka kama uzi, haitoki gereji.

Mwisho alaimenti siku hiyo hiyo, na baada ya kilomita 500 hivi urudi tukaze yuboti, springi mpya zinakaa na nati zinalegea.

nyamisati_dereva

Mkuu mkulima mimi napita njia za Kibiti mpaka Nyamisati kwenye boti za Mafia, udongo mfinyanzi naujua. Presha 42 kwenye tope unakuwa umevaa kiatu cha kisigino. Ukiacha lami simama shusha mpaka 22 hivi, mchanga mlaini sana nashuka 18, tairi inalala inakuwa ndefu inashika. Ila nenda taratibu, usikate kona kwa kasi tairi isije ikachomoka kwenye rimu, na ukirudi lami jaza kabla hujaenda popote. Kipampu cha umeme cha kufunga kwenye betri, weka chini ya siti.

Halafu nunua tairi 5, sio 4. Spea iwe 31 hiyo hiyo. Spea yako ya zamani ukiifunga nyuma upande 1, difu inafanya kazi ya kukata kona muda wote hata ukienda moja kwa moja, na ukiingiza 4x4 ukiwa na tairi za vimo tofauti unaitesa gia boksi ndogo (ile inayogawa nguvu mbele na nyuma). Kapime kabla kama 31 inapanda pale chini inapokaa spea.

mkulima_jmosi

Kilo 700 mpaka 800 fundi, mihogo na korosho kwa msimu, na mara nyingi narudi tupu.

33 nimeachana nazo. Nimeongea na wife, tunaanza na springi na tairi 5 za 31 mwezi huu, koili za mbele mwezi ujao kabla vuli haijakolea. Kile kifimbo nimekiona, kipo, kimeshika vizuri ila raba yake imeisha, nimepiga picha na kukipima kilivyo saivi ili tujue kinarudi wapi. Naleta gari Jumamosi saa 2 asubuhi, nakuja na magunia 4 ya mchanga nyuma ili taa tuzipime na mzigo kama mama alivyosema.

fundi_springi_ilala

Njoo na magunia 8, hayo 4 hayafiki kilo unazobeba. Na uje na spea yako, tuanze na kujaribu nafasi ya chini.