Gumzo la kikundi: GOFU JUMAMOSI TANGA ⛳

*Jumapili*

20:14 Saumu Mratibu: Asalaam aleikum, habari za jioni wote. Jana sikuandika kwa sababu nilikuwa na hasira na marehemu mama alikuwa akisema neno la hasira lilaze kwanza. Nimelilaza. Sasa naandika. Jana draa, ile orodha ya makundi na saa za kuanza, ilikuwa na watu 24, makundi 6 ya wanne wanne, la kwanza saa 1:00 la mwisho saa 1:50, kila kundi dakika 10. Watu watano hawakuanza. WATANO. Hamna simu hamna meseji. Kundi la 1:20 alitokea mtu mmoja tu, Mzee Mhina, kakaa kwenye benchi na begi lake na kedi wake wa kumbebea begi, anaangalia getini kama anasubiri mgeni wa meli

20:15 Saumu Mratibu: Na Ijumaa nilikuwa na watu 3 wa akiba nikawajibu samahani draa imejaa

20:15 Saumu Mratibu: Rajabu mmojawapo. Mnamuona nyote anavyopiga mipira kila jioni yule kijana

20:31 Mama Zuhura: Pole Saumu 🙏

20:52 Singano: Imejaa kwenye karatasi

21:09 Saumu Mratibu: Nimebonyeza hapa naona waliosoma 19. Kibwana umesoma. Daktari umesoma. Frenki umesoma

21:11 Frenki Melini: Dada Saumu mi nisihesabiwe mi nilikuja

21:11 Saumu Mratibu: Saa ngapi Frenki

21:12 Frenki Melini: Saa ilioandikwa. 1:20. Nilifika saa saba na dakika tano nimeshavaa na viatu na glavu mkononi nikakuta mnakula pilau

21:12 Singano: 😂😂😂😂😂

21:12 Kassimu Hazina: Mweee

21:13 Frenki Melini: Mnacheka lakini karatasi haina asubuhi wala mchana. Mi nimekaa melini miaka 11, melini 1:20 ni saa saba basi, ya usiku au ya mchana lakini ni saa saba

21:14 Singano: Shukuru hukuja ile ya usiku, walinzi wangekuzindulia mashindano na rungu

21:16 Daktari: Frenki usione haya yakhe. 2012 kule Medinah, Marekani, kombe la Ryder la gofu, bingwa Rory McIlroy kakaa hotelini ametulia kumbe kasoma saa za mashariki na wao wanacheza kwa saa za Chicago, tofauti saa nzima. Walimkimbiza na gari la polisi akafika zimebaki kama dakika 10. Na mechi akashinda

21:17 Singano: Sa Frenki tumtafutie difenda ya polisi kutoka Chumbageni

21:17 Frenki Melini: Na mimi ningeshinda

21:19 Saumu Mratibu: Haya Frenki kosa la karatasi nalibeba, kuanzia wiki hii naandika asubuhi kwa herufi kubwa. Wamebaki wanne. Daktari wewe habari za McIlroy unazijua mpaka dakika, za jana saa 1:20 ulikuwa wapi

21:40 Singano: Kuna mtu ana tiketi ya mpira Mkwakwani wiki ijayo? Wagosi wanacheza nyumbani

21:41 Kassimu Hazina: Ninazo mbili njoo dukani

21:41 Saumu Mratibu: Kassimu umejibu ya tiketi ndani ya dakika moja. Nilikuuliza ya daftari la ada tangu Jumanne

21:58 Daktari: Saumu nilikuwa zamu ya usiku ikaunganika na asubuhi, tulipokea watu wa bodaboda wawili. Simu ilikuwa kwenye droo. Nakiri nilipotoka saa 3 ningeweza kupiga nikaona ah imeshapita

22:03 Saumu Mratibu: Daktari yako naielewa kabisa na hata sheria inaielewa. Kanuni ya 5.3a ya kitabu cha gofu inasema ukifika tayari kucheza umechelewa lakini hujazidi dakika 5 unapewa mikwaju 2 ya adhabu kwenye shimo la kwanza, ukizidi dakika 5 umetolewa. Isipokuwa kamati ikiona kuna jambo lisilo la kawaida. Na wameeleza, umekuta ajali ukabaki kumhudumia majeruhi, hiyo wanaikubali. Gari kuharibika, kupotea njia, foleni, hizo hawazikubali

22:04 Saumu Mratibu: Lakini hiyo ni ya aliyechelewa. Asiyekuja kabisa kitabu kinamtoa tu kwenye mashindano ya siku ile, hakimuulizi zaidi. Kinachobaki ni chetu wenyewe, na sisi hatujawahi kuamua chochote ndo maana kila mwezi naandika hivi

22:06 Mama Zuhura: Gari kuharibika hawakubali?

22:06 Saumu Mratibu: Hawakubali mama

22:07 Mama Zuhura: Basi naomba mniambie ule mwaka wa mbuzi ilikuwaje

22:07 Kassimu Hazina: Ohoo

22:08 Singano: Nilijua tutafika tu kwa mbuzi

22:12 Mama Zuhura: Sicheki Singano. Mimi zamu yangu 1:10 nilifika 1:16, dakika sita, nimeshuka kwenye bajaji nakimbia na begi mgongoni nikaambiwa mama umetolewa, nikasema sawa sheria ni sheria nikakaa kivulini nikawa najaza skoa za wenzangu siku nzima. Siku hiyo hiyo mtu kaja amechelewa dakika zaidi ya ishirini anasema gari limemfia Segera, akahamishiwa kundi la mwisho, akacheza, na mbuzi wa zawadi akabeba. Kwa sababu ni shemeji wa mtu. Sijawahi kulisema hapa leo nimelisema

22:13 *Kibwana amefuta ujumbe huu*

22:13 Singano: Kibwana tumeshausoma

22:15 Saumu Mratibu: Mama Zuhura wewe ulihukumiwa sawa. Mwenzio ndo hakuhukumiwa. Sikuwa mratibu mwaka ule lakini nilikuwepo na nilinyamaza na naomba radhi kwa kunyamaza

22:16 Mama Zuhura: Hiyo ndo nilikuwa naitaka miaka yote

22:30 Saumu Mratibu: Sasa tusilale bila kuelewana. Pendekezo langu. Kujitoa mwisho Ijumaa saa 10 jioni, nikishajua nampigia wa akiba anajipanga. Ukipata dharura baada ya hapo unapiga SIMU, sio stika ya mtu analia, hata saa 12 alfajiri piga nitapokea. Usipotokea kimya kimya mara ya kwanza unalipa ada yako kama uliyecheza, mara ya pili unakaa nje mashindano mawili, mara ya tatu kamati. Na akiba wanakuja uwanjani saa 1 kamili, zamu ikibaki wazi anaingia pale pale. Nani anapinga

22:34 Singano: Mvua je? Masika haya. Jana alfajiri Raskazone ilikuwa inamwaga, mi nimeamka nimeona maji nikajua hamna mchezo nikalala zangu

22:34 Saumu Mratibu: Kumbe na wewe ni wa nne

22:35 Singano: 🙈

22:35 Saumu Mratibu: Singano uwanjani palikuwa pakavu. Tanga unajua mvua inanyesha barabara ya 8 ya 12 wanaanika nguo. Unapiga simu unauliza. Na hapa umetucheka tangu saa mbili usiku

22:36 Singano: Nimekoma dada

22:41 Saumu Mratibu: Mtu anadhani mratibu wa klabu ndogo anajikuza. Jim Furyk, mchezaji mkubwa wa Marekani, 2010 ilikuwa Jumatano tu, siku ya kucheza na wageni waalikwa kabla mashindano yenyewe hayajaanza, simu yake iliyokuwa ndo alamu ikaisha chaji akalala akapitiliza, wakamtoa mashindano yote ya wiki ile. Furyk! Na mwezi uliofuata akabeba ubingwa wa msimu mzima. Hakugombana na mtu, alisema kosa langu

22:43 Frenki Melini: Mi nina saa ya ukutani inalia mpaka jirani anaamka

22:43 Saumu Mratibu: Iweke SAA MOJA ASUBUHI

23:02 Saumu Mratibu: Kibwana nasubiri

23:30 Saumu Mratibu: Haya usiku mwema

*Jumatatu*

05:52 Mzee Mhina: Assalaam aleikum wanangu. Nimetoka kuswali nimesoma yote mliyoandika usiku. Mimi sikulalamika na sikumtuma Saumu alalamike kwa niaba yangu. Kukaa kwenye benchi hakukuniumiza, nilikaa nikasikiliza ndege, baadaye nikaingizwa kundi la mwisho nikacheza vizuri.

05:58 Mzee Mhina: Ila kuna jambo hamkuligusa. Pale kwenye benchi sikuwa peke yangu. Walikuwepo kedi wanne. Wangu nilicheza naye nikamlipa. Watatu waliobaki walikuwa wamewekwa na Kibwana, na Daktari, na Frenki. Wametoka Mikanjuni kwa miguu gizani ili saa moja wawe wamefika, hawakuchukua begi la mtu mwingine kwa sababu wameshika nafasi zenu. Walikaa mpaka saa nne. Mmoja akaniomba nauli ya kurudi, akaomba ameinamisha kichwa. Nikampa. Ni kijana wa miaka kama ishirini, ana mtoto.

06:07 Mzee Mhina: Mimi uwanja ule niliingia kwanza nikiwa kedi. Nilikuwa mtoto, nabeba mabegi ya mabwana wa mashamba ya mkonge. Kulikuwa na bwana mmoja mkali sana, alikuwa hasalimii. Lakini akipanga kuja asije, dereva wake alikuwa anakuja na ujira wangu kwenye bahasha. Mengine yake siyasifu. Hilo alilifanya. Sasa uwanja ni wetu, mabwana ni sisi, na kedi wanarudi mikono mitupu. Kabla ya faini ya klabu na kabla ya kukaa nje mashindano mawili, asiyekuja amlipe kedi wake siku ile ile. Nimemaliza.

06:40 Mama Zuhura: Shikamoo mzee 🙏🙏

06:44 Frenki Melini: Shikamoo mzee. Nimesoma nimekosa la kusema. Mi nilifika saa saba nikawa nahangaika na wenye pilau, wala sikuuliza kedi wangu yuko wapi. Naomba namba yake

06:45 Daktari: Shikamoo mzee. Nisamehe. Na mimi naomba namba

06:50 Saumu Mratibu: Shikamoo mzee. Nisamehe. Nimeandika mistari yote ile ya faini na ada na akiba, kedi hawakunijia hata kichwani na mimi ndo nawapanga kwa majina kila Ijumaa

07:15 Singano: Shikamoo mzee. Wangu mimi alikuwa wa kundi la 1:40, nampitia leo nyumbani kwao

09:20 Saumu Mratibu: Basi hili la kedi limepita jamani, nani anapinga. Kiasi ndo tuelewane. Mzunguko mzima tunawapa 15,000. Asiyekuja atoe yote au nusu?

09:31 Frenki Melini: Yote

09:33 Singano: Nusu si sawa pia? hajabeba kitu

09:33 Mama Zuhura: Kabeba asubuhi yake nzima Singano

09:50 Daktari: Yote. Lakini mwenye dharura ya kweli naye?

09:52 Saumu Mratibu: Na yeye. Dharura inakuondolea adhabu ya klabu, kedi hana dharura yeye ana njaa

10:05 Singano: Sasa pesa anashika nani, maana mtu akizima simu siku hiyo kedi anamdai nani? Ingekuwa kila mtu anaweka 15,000 kwa mweka hazina mapema, ukija unarudishiwa ukamlipe mwenyewe, usipokuja anapewa

10:06 Saumu Mratibu: Singano leo umesema la maana. Kassimu unakubali kushika?

11:30 Saumu Mratibu: Kassimu

12:48 Saumu Mratibu: Kassimu nimepita dukani nimeona umefungua

13:40 Kassimu Hazina: Nina wateja Saumu. Kushika pesa za watu 24 kila wiki na kuzirudisha kila wiki ni kazi ya benki. Nifikirie

13:41 Saumu Mratibu: Fikiria mpaka lini

14:22 Kibwana: Shikamoo Mzee Mhina. Nimesoma. Nitumiwe namba ya kijana wangu wa Jumamosi namrushia sasa hivi. Nilikuwa Pangani na msiba wa upande wa mke, nilipaswa kumwambia Saumu, sikusema

14:23 Saumu Mratibu: Pole sana Kibwana. Namba nakutumia inboksi

14:25 Kibwana: Asante

14:26 Mama Zuhura: Pole na msiba Kibwana, Mungu awape subira

14:26 Mama Zuhura: Na ya mbuzi tutazungumza arobaini ikiisha

14:51 Kibwana: Tutazungumza Mama Zuhura. Nitakuja nyumbani

16:10 Mzee Mhina: Marahaba wote.

16:30 Saumu Mratibu: Sasa Jumamosi hii. Draa inafungwa IJUMAA SAA 10 JIONI. Za kedi hazijapata wa kuzishika kwa hiyo wiki hii ukijiandikisha unanipa mimi, mpaka Kassimu amalize kufikiria. Naanza orodha. 1 Mzee Mhina 2 Mama Zuhura 3 Frenki

16:31 Frenki Melini: ASUBUHI

16:38 Daktari: Mi nitajua Alhamisi wakitoa ratiba ya zamu, usiniweke kwanza, niweke akiba

16:55 Singano: 4 Singano. Mvua isinyeshe

17:20 Rajabu: Shikamooni wakubwa. Samahani nilikuwa sina bando. Mimi nipo Jumamosi, zamu yoyote, hata ya akiba nitakuja saa moja kukaa pale

17:21 Saumu Mratibu: 5 Rajabu. Sio akiba. Saa 1:00 ASUBUHI kundi la kwanza na Mzee Mhina

17:22 Rajabu: Nashukuru sana dada. Ile 15,000 ya kushikiza naomba niilete Ijumaa

17:24 Mzee Mhina: Ya Rajabu ninayo mimi.

18:47 Saumu Mratibu: Nimebonyeza tena. Waliosoma 21. Walioandika jina wanne na Rajabu

19:15 Kassimu Hazina: Hizi pesa, zikipungua zinamhusu nani?