Kofia ya taa ya vioo vya rangi, ntajuaje ni vioo kweli?

mpenda_taa: Wadau naombeni msaada, nimezipenda sana zile kofia za taa mtindo wa Tiffany, za vipande vya vioo vya rangi vilivyounganishwa, ila nyingine ni plastiki tu imechapwa rangi, sasa mnatofautishaje?

fundi_vioo: Igonge taratibu kwa kucha, kioo kinalia, plastiki sauti yake butu. Halafu ichungulie kwa ndani, ya ukweli kila kipande kimezungushiwa utepe mwembamba wa shaba kisha juu ikapita risasi ya kulehemu, kwahiyo mistari utaishika pande zote mbili, na huo utepe ndo uliwawezesha mafundi wa Tiffany kutumia vipande vidogo na kuipinda kofia vizuri, ile ya maua ya Wisteria ina karibu vipande 2,000!!

kereng_ende: Jamani na Clara Driscoll, mbunifu wa karakana ya Tiffany, atajwe, Wisteria na ile ya kereng'ende alibuni yeye, sifa akabeba bosi wake Louis Comfort Tiffany miaka na miaka, inaniuma kwa kweli

mpenda_taa: Asanteni sana, sikujua kabisa. Je niiwashe kwanza?

fundi_vioo: Lazima, ikiwaka utaona rangi inabadilika ndani ya kioo chenyewe, hapa kijani kibichi pale imefifia kama wingu, ya kuchapwa inakaa bapa tu