Kuku wa mwanangu kang'atwa na mbwa, mgongo umechanika, naanzia wapi?

MamaShu_Kimara
Habari zenu wakuu, naombeni msaada wa haraka. Asubuhi hii mbwa wa jirani kaingia kwetu geti lilikuwa wazi akamkamata kuku mmoja wa kienyeji, tumemwokoa lakini kachanika mgongoni karibu na mkia, ngozi imefunuka upana kama kiganja cha mtoto na nyama inaonekana, manyoya ya upande mmoja yameisha. Damu imekata. Anasimama ila kajikunyata, macho anafumbafumba na chakula hajagusa.

Najua kuna watakaosema mchinje, huyu si wa kuchinjwa. Mwanangu alipewa na bibi yake Singida tukaja naye kwenye basi ndani ya tenga, anaitwa Shangazi, anamfuata mtoto mpaka sebuleni na leo mtoto hajaenda shule kwa kulia. Shemeji anasema tumpake oili chafu, dada wa kazi anasema majivu, mimi hapa ndani nina dettol, spiriti na asali. Nipake nini? Na je ashonwe?

kijiweni_tu
Shangazi tena 😂😂 mimi nilishakuja na ndimu na pilipili naona nimekosea msiba. Ngoja waje wajuzi.

Mfugaji wa Mlandizi
Pole sana dada na mpe pole mtoto. Oili chafu hapana na majivu hapana. Oili ina mabaki ya vyuma na yeye atajidonoa aile, majivu yanagandana na nyama, siku ya kuyatoa unamchana upya. Dettol isiyochanganywa na maji pamoja na hiyo spiriti vinaunguza nyama changa inayotaka kuota, viweke kabatini.

Ila kidonda kisubiri kwanza. Kuku aliyekamatwa na mnyama anaweza kufa kwa mshtuko tu, kidonda chenyewe cha kawaida. Mtie kwenye boksi au tenga, chini tandika gunia au khanga kuukuu, funika pawe na kigiza, pasiwe na makelele wala watu wa kuja kuchungulia kila dakika, na wenzake wasimfikie kabisa maana wakiona wekundu wanaanza kudonoa na wakishaonja damu hawaachi, kuku analiwa mzimamzima na wenzake aliokua nao tangu vifaranga. Mshike miguu. Ikiwa ya baridi mwekee chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitambaa, joto la mwili wa kuku ni kama 41 mpaka 42 kwa hiyo akipoa kidogo tu keshaumia.

Maji yawepo muda wote, chakula kisikutie presha leo. Ukiwa na ORS za watu, pakiti moja kwa lita moja kama kawaida, anywe leo kisha kesho rudi kwenye maji ya kawaida. USIMMIMINIE mdomoni jamani, tundu la hewa la kuku liko hapohapo nyuma ya ulimi, ukimimina yanaenda kwenye mapafu. Chovya ncha ya mdomo tu, atanyanyua kichwa ameze mwenyewe.

Akishatulia ndo uje kwenye kidonda. Chemsha maji lita moja utie chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, acha yapoe yawe vuguvugu, nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, toa sindano, halafu pigia maji pale kwa nguvu kidogo mpaka uchafu wote utoke, maji usibanie. Manyoya yanayoingia kidondani kata kwa mkasi usinyofoe, ngozi ya kuku nyembamba sana inakuja nayo. Kausha na kitambaa kisafi, paka asali. Asali kweli lakini, sio zile za chupa za barabarani nusu sukari guru. Rudia asubuhi na jioni.

Mkulima_Hai
Nyie wa mjini mna mambo. Oili chafu tumetumia kijijini miaka yote na kuku wanapona.

DaktariWaNgombe
@Mkulima_Hai wanapona kwa sababu kuku anapona hata usipompaka kitu, na waliokufa mliwala kwa hiyo hamkuwahesabu.

Mama Shu, Mlandizi kamaliza karibu yote, niongeze upande wa mbwa maana hapo ndipo watu wanapopotea. Ule mchano mkubwa unaouona una nafuu yake, unaoshwa na unaonekana. Kinachoua ni vitundu vya meno. Juu vinaonekana vidogo kama vya msumari, chini nyama imepondwa na mate ya mbwa yameingia na bakteria wake. Kwa hiyo leo hiihii mpapase mwili mzima, chini ya mabawa, mapajani, tumboni, puliza manyoya uone ngozi. Ukimbonyeza ukasikia kama kuna hewa inachezacheza chini ya ngozi basi kifuko cha hewa kimetoboka, huyo aonwe na mtaalamu. Vilevile kama chakula kinavujia pale chini ya shingo.

Aliyeng'atwa na mbwa anahitaji antibiotiki, asali peke yake haitoshi. Nenda ofisi ya kata umuulize afisa mifugo au duka la pembejeo lenye mtaalamu, watu wengi watakupa ile OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) ya unga ya kuweka kwenye maji, shida yake kuku mgonjwa hanywi maji ya kutosha kwa hiyo dozi haifiki, omba kama anaweza kuchomwa sindano. Vidonge vyako vya nyumbani usimpe. Na hasa diklofenaki, ile dawa ya maumivu, ilimaliza tumbusi India kwa kuharibu figo, walikuwa wanakula mizoga ya ng'ombe waliotibiwa nayo, mpaka serikali yao ikapiga marufuku kuitumia kwa mifugo mwaka 2006. Ndege na dawa hiyo mbali.

Kushona usishone, na asikuletee mtu uzi na sindano ya nguo. Jeraha la meno likifungwa unafungia uchafu ndani linatunga usaha. Liache wazi lijazie kutoka chini, utashangaa kuku anavyoota nyama. Bandeji pia usimzungushie kifuani ukakaza, kuku hana kile kiwambo tulichonacho sisi cha kuvutia pumzi, anapumua kwa kupanua kifua, ukimbana kifua umemnyonga.

Nzi sasa. Dar hii nzi akitaga kwenye kidonda ndani ya siku moja mayai yameshakuwa funza. Funika boksi na chandarua cha zamani, na kila unapoosha angalia vijidude vyeupe kama chembe za mchele. Ukiviona toa na kibanio vyote, osha tena. Huyo mbwa kama amemgusa mtu kwa meno wakati mnamwokoa kuku, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali leo, hilo la kichaa cha mbwa halisubiri.

MamaShu_Kimara
Mungu awabariki. Hakuna mtu aliyeng'atwa. Tumemwosha na maji ya chumvi, tumekuta vitundu viwili kwenye paja ambavyo hata hatukuviona, afisa mifugo wa kata kaja jioni kamchoma sindano. Kadonoa mtama kidogo na kinyesi ni cha kijani sijui ndo vibaya? Na alikuwa anataga, mayai yake tunaweza kula? Arudi bandani lini, anao wenzake wanne na jogoo.

Mfugaji wa Mlandizi
Kijani siku ya kwanza ni njaa, akila kitabadilika. Kikiendelea na anazidi kusinzia mrudie afisa. Mpe vitu laini, yai la kuchemsha lililopondwa (ndiyo, wanakula), pumba iliyoloweshwa, tikiti maji.

Mayai usiyahesabie, anaweza kukaa wiki kadhaa hatagi. Akitaga wakati yupo kwenye dawa msile wala msiuze, muulize afisa aliyemchoma msubiri siku ngapi baada ya sindano ya mwisho, kila dawa na siku zake.

Bandani ni mpaka ngozi ifunge na manyoya yaanze kuchomoza, jogoo ndo wa mwisho kabisa maana anapanda mgongoni na mgongo ndo huohuo. Usimrudishe mchana ghafla watampiga kama mgeni. Mweke kwenye tenga ndani ya banda wamuone wakiwa wanakula, baada ya siku chache mtoe usiku wakishalala umpandishe kichanjani.

DaktariWaNgombe
Na mtoto anawe mikono kila akimshika, asimbusu kwa sasa. Chanjo ya kideri (mdondo) ile ya tone la jicho, kama zamu yake imefika, wape wenzake, yeye asubiri apone.

kijiweni_tu
Jirani kalipa hela ya sindano au ndo kimya?

MamaShu_Kimara
Kalipa, na kaleta kilo mbili za mtama.