MREJESHO: Pompeii kwenye mvua, tulienda hivyo hivyo

Wakuu, niliuliza hapa kama nighairi safari ya siku moja na mwongozaji, kutoka Roma hadi Pompeii, ule mji wa kale wa Kirumi uliofukiwa na volkano, maana utabiri ulionyesha mvua. Mkasema niende, nivae viatu vya soli ya mpira na nibebe koti la mvua badala ya mwavuli. Asanteni sana.

Viatu ndivyo vilivyoniokoa. Zile barabara za mawe meusi ya volkano zikilowa zinateleza kama sabuni; mwenzetu mmoja alikula mwereka mapema tu. Lakini mvua nayo ilikuwa na faida yake: maji yalitiririka katikati ya njia, nasi tukavuka juu ya yale mawe makubwa ya kuvukia, kama wenyeji kabla volkano ya Vesuvius haijalipuka mwaka 79 baada ya Kristo. Katikati yake wameacha nafasi ya magurudumu ya mikokoteni. Jua lingewaka, nisingeyatazama mara mbili.

Koti lilisaidia nusu, suruali ililowa chapachapa. Aliyesema tujibanze kwenye bafu za kale za Stabia, humo humo Pompeii, mvua ikizidi, ubarikiwe, kuna paa. Uwanja wa michezo wa kale hatukuufikia. Uko mwisho kabisa wa mji na basi lilikuwa linasubiri.

Anayekwenda Novemba abebe soksi za akiba.