Nishati ya jua haibadiliki hata kwa asilimia moja, tuendelee kurusha vipimo vya nini?

Wakuu, tangu 1978 setilaiti zinapima nishati ya jua inayofika kwetu. Katika mzunguko wa miaka 11 hupanda na kushuka kwa takriban asilimia 0.1 tu. Kwa mtazamo wangu hela hizo ziende kwenye kazi nyingine. Nani ana hoja ya kunipinga?

Jibu la kwanza: Ninayo mkuu, ni pengo la vipimo la 1989 hadi 1991. ACRIM ya kwanza, kifaa cha kupima nishati ya jua, iliisha kazi, na ya pili ikachelewa kurushwa baada ya ajali ya chombo cha anga Challenger. Katikati vikabaki vifaa hafifu visivyokubaliana. Mwanasayansi Richard Willson akaunganisha takwimu akaona jua limeongezeka kidogo kati ya 1986 na 1996. Mwenzake Claus Fröhlich akazirekebisha takwimu hizo kwanza, ongezeko likayeyuka. Wabishi wa joto la dunia wakajichagulia, kila mtu na grafu yake.

Mleta mada: Sasa si unanisaidia? Vifaa hivyo hivyo vilisema wati 1365 kwa mita mraba, kisha setilaiti ya SORCE ikaruka 2003 na kusema 1361. Kosa limezidi mabadiliko yenyewe mara tatu!

Jibu la kwanza: Kosa lilikuwa la tundu. Ndani ya kifaa kuna koni nyeusi inayopashwa na jua. Shata, yaani kifuniko cha tundu, ikifunga, umeme huipasha koni ibaki na joto lilelile, na umeme huo ndio unaohesabiwa. Vya zamani viliweka tundu pana mbele na lile la kipimo ndani, mwanga wa ziada ukapenya. SORCE ikageuza mpangilio huo, tundu la kipimo likaja mbele. Mizani inayozidisha nusu kilo bado itakuonyesha umenenepa. Ila ukibadili mizani bila kupanda zote mbili siku moja, umepotea. Ndiyo maana Desemba 2013 SORCE, betri ikiwa hoi, iliamshwa kwa siku chache ipime sambamba na TCTE, kifaa kipya. Setilaiti ya Glory, iliyotakiwa kupokea kijiti, ilishaanguka 2011.

Mchangiaji wa pili: Mnasahau jambo moja. Tunasema jua halielezi joto la miongo hii kwa sababu kumbukumbu ipo. Ikikatika, mtu akidai jua limeongezeka utamjibu kwa ushahidi gani?

Mleta mada: Hapo umenibana. Lakini basi virushwe viwili viwili, maana kimoja kikifa tunarudi 1989.