Naomba ushauri: reli ya mfano chini ya ngazi

Ndugu wanachama, habari za wakati huu. Nimepanga kujenga nyumbani reli ya mfano, yaani reli ndogo yenye treni ndogo, ya stesheni ya Voi, pale njia ya Taveta inapochepuka kutoka reli kuu ya Mombasa hadi Nairobi, enzi za injini za mvuke za Garratt aina ya 59, ambazo nazipenda kuliko injini nyingine zote.

Nafasi niliyo nayo iko chini ya ngazi: urefu mita 3.2, kina sentimita 85, na upande wa kushoto dari linashuka hadi sentimita 60 kutoka sakafuni. Nyuma ni ukuta, kwa hiyo ubao wa kuwekea reli nitaufikia kutokea mbele tu.

Nimechora ramani kwa uwiano wa 1:87 (kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko cha kweli), lakini kona yenye nusukipenyo cha sentimita 45 inadai kina cha karibu mita moja, hivyo mzunguko kamili hauingii. Kwa uwiano wa 1:160 unaingia vizuri, ila Garratt yenyewe inabaki na urefu wa sentimita 20 hivi, na nasikitika kupoteza uzuri wa mitambo yake.

Je, mngeacha mzunguko na kujenga njia ya kwenda na kurudi kwa 1:87, huku treni zikisubiri zimefichwa pale dari lilipo chini? Na kama ndivyo, sehemu hiyo iliyofichwa ijengwe vipi ili behewa likiacha reli mkono ulifikie bila kubomoa mandhari?

Natanguliza shukrani.